Ufunguo Nje ya Kompyuta: Historia ya Kuunganisha Pochi za Vifaa na Programu

Pochi ya kifaa ni chombo kidogo cha kielektroniki kinachotunza funguo za siri za sarafu za kidijitali kama Bitcoin na Ethereum. Kazi yake kuu ni kutia saini. Mwenye fedha anapotaka kulipa, muamala huandaliwa kwenye kompyuta au kwenye tovuti, kisha hupelekwa kwenye kifaa. Kifaa huutia saini ndani kwa ndani na kurudisha saini peke yake, ufunguo hautoki. Kifaa hicho hakina intaneti, hakijui salio, wala hakiwezi kutuma malipo mtandaoni. Hayo yote hufanywa na kompyuta. Pochi ya kifaa, basi, haina budi kushirikiana na mashine ambayo pochi yenyewe imeundwa kwa makusudi isiiamini.

Historia ya vifaa hivi tangu mwaka 2012 ni historia ya ushirikiano huo: jinsi ulivyojengwa, ulivyopasuka na ulivyozibwa. Ufunguo ulihamishwa nje ya kompyuta mapema na kwa mafanikio. Macho ya mwenye mali yalichelewa kuhama, na karibu kila hasara kubwa iliyofuata ilipitia katika pengo hilo.

Faili moja kwenye diski

Mtandao wa Bitcoin ulipoanza Januari 2009, programu yake ya kwanza iliweka funguo zote katika faili lililoitwa wallet.dat, kwenye diski ya kompyuta, bila kufungwa kwa nenosiri. Sarafu zilikuwa na thamani ndogo, na hatari haikuonekana. Bei ilipopanda mwaka 2011, wezi walifuata. Mwezi Juni mwaka huo mmiliki mmoja alitangaza kwamba bitcoin 25,000 zimeibwa kutoka kwenye kompyuta yake, na wakati huohuo zikagunduliwa programu hasidi zilizotafuta faili hilo na kulituma kwa mwizi. Toleo la 0.4.0 la Bitcoin, lililotoka Septemba 2011, liliwawezesha watumiaji kuzifunga funguo kwa nenosiri. Kinga hiyo ilikuwa na kikomo: nenosiri lilichapwa kwenye kibodi ya kompyuta ileile, na programu hasidi iliyorekodi kila herufi inayochapwa ililipata pamoja na faili.

Wenye tahadhari walitafuta njia nyingine. Programu ya Armory, iliyoandikwa na Alan Reiner, ilizigawa kazi za pochi katika kompyuta mbili. Moja ilikuwa na intaneti na iliandaa muamala. Ya pili, isiyounganishwa kamwe na mtandao, ilitunza funguo na kutia saini. Muamala ulisafirishwa kati yake kwa diski ndogo ya USB. Mpango huo ulikuwa imara, lakini ulihitaji mtu kuwa na kompyuta mbili na subira ya fundi.

Wazo la ufunguo usiotoka ndani ya chombo chake lilikuwa la zamani zaidi. Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza zake za kadi yenye chipu kuanzia mwaka 1974, na benki za Ufaransa zikawa miongoni mwa za kwanza kuzitumia kadi za aina hiyo kwa wateja wao. Kadi hiyo hufanya hesabu za siri ndani ya chipu na kutoa jibu tu. Upungufu wake ni kwamba haina skrini. Mteja husoma kiasi kwenye mashine ya muuzaji, na akidanganywa na mashine hiyo, kadi haina namna ya kumwonya. Benki inaweza kurudisha fedha zilizochukuliwa kwa hila. Mtandao wa Bitcoin hauwezi. Chombo cha sarafu za kidijitali kilihitaji kitu ambacho kadi ya benki haikuwa nacho.

Prague, 2012 hadi 2014

Mwezi Machi 2012 wezi waliingia kwenye seva zilizokodishwa na kampuni ya Linode na kuchukua sarafu za wateja kadhaa. Mmoja wao alikuwa Marek Palatinus wa Prague, mwendeshaji wa Slush Pool, kundi la wachimbaji wa Bitcoin lililoanza mwaka 2010. Alipoteza zaidi ya bitcoin 3,000. Palatinus na Pavol Rusnak walishughulika na wazo la kompyuta ndogo yenye kazi moja tu, na mwaka 2013 wakawa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya SatoshiLabs. Kifaa chao, Trezor, kiliwafikia wanunuzi mwaka 2014.

Trezor ya kwanza ilikuwa na skrini ndogo, vitufe viwili na tundu la USB. Skrini ilionyesha anwani ya mpokeaji na kiasi. Vitufe vilimwezesha mwenye kifaa kukubali au kukataa. Kompyuta haikuweza kubonyeza vitufe hivyo, wala kubadilisha maandishi ya skrini ile. Hata namba ya siri ya kufungulia kifaa ililindwa dhidi ya kompyuta. Kifaa kilionyesha tarakimu tisa katika mpangilio uliochanganywa upya kila mara, huku kompyuta ikionyesha miraba tisa mitupu. Mtumiaji alibofya miraba kwa kufuata nafasi alizoziona kwenye kifaa. Programu hasidi iliyorekodi kila mbofyo wa kipanya iliambulia nafasi zisizo na maana.

Chombo kidogo kinaweza kupotea au kuharibika, kwa hiyo funguo zilihitaji nakala ambayo mtu wa kawaida angeweza kuitunza. Viwango vitatu vilijibu haja hiyo. BIP32 ya Pieter Wuille, ya mwaka 2012, ilionyesha namna ya kuzalisha funguo zisizo na idadi kutoka kwenye mbegu moja. BIP39 ya mwaka 2013, ambayo Palatinus na Rusnak ni miongoni mwa waandishi wake, iliwezesha mbegu hiyo kupatikana kutokana na maneno, kwa kawaida 12 au 24, yanayochaguliwa katika orodha ya maneno 2,048. BIP44 ya mwaka 2014 ilipanga funguo za sarafu na akaunti mbalimbali katika matawi yanayojulikana. Viwango hivyo vilirahisisha pia kuunganisha. Kifaa kiliweza kuipa kompyuta ufunguo wa umma wa akaunti nzima, na kwa huo programu ikatambua anwani zote na kukokotoa salio bila kugusa siri yoyote. Gharama yake ni faragha: aliye na ufunguo huo wa umma huona miamala yote ya akaunti hiyo.

Kupita kwenye kivinjari

Kifaa cha USB na tovuti havikuumbwa kuzungumza. Vivinjari vimeundwa kuzuia kurasa za intaneti zisiguse vifaa vilivyochomekwa kwenye kompyuta, na kwa sababu nzuri. Trezor ilivuka ukuta huo kwanza kwa programu-jalizi, kipande cha programu kilichosakinishwa ndani ya kivinjari na kuruhusu tovuti ya pochi kutuma ujumbe kwa kifaa. Njia hiyo haikudumu. Teknolojia iliyobeba programu-jalizi za aina hiyo ilikuwa imejaa mianya ya usalama, na Chrome ikaiondoa kabisa Septemba 2015. Firefox iliifunga kwa sehemu kubwa mwaka 2017.

Mahali pake palichukuliwa na kiendelezi cha Chrome, kisha na Trezor Bridge. Hii ni programu ndogo inayoendeshwa chinichini kwenye kompyuta na kusikiliza katika anwani ya ndani, 127.0.0.1, mlango namba 21325. Tovuti hutuma ombi kwenye mlango huo, nayo Bridge hulipeleka kwa kifaa katika vipande vya baiti 64. Mpango huo ulizua swali jipya. Mlango ulio wazi ndani ya kompyuta unaweza kubishwa na tovuti yoyote ambayo mtumiaji ameifungua, hata ya mwizi. Kwa hiyo Bridge hukagua ombi limetoka tovuti gani na kuyakataa yasiyotoka kwenye kurasa zinazotambuliwa. Tovuti za watu wengine zilitakiwa kupitia Trezor Connect, ambayo hufungua dirisha kutoka anwani ya Trezor yenyewe. Humo mtumiaji huelezwa nani anaomba na anaomba nini, naye huruhusu au hukataa. Baadaye, kifaa chenyewe humwuliza tena.

Paris ilichukua njia nyingine. Kampuni ya Ledger, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilitoka katika desturi ya Kifaransa ya kadi za chipu na ikaitumia lugha ya amri ya kadi hizo kati ya kompyuta na kifaa. Kifaa chake cha kwanza hakikuwa na skrini. Uthibitisho ulifanywa kwa kadi ya plastiki yenye jedwali la herufi: programu iliuliza baadhi ya herufi za anwani ya mpokeaji, na mtumiaji akajibu kwa kufuata jedwali. Ulinzi huo ulikuwa dhaifu na wenye kuchosha. Nano S ya mwaka 2016 ilileta skrini na vitufe viwili, na funguo zikakaa ndani ya chipu ya usalama ya aina inayotumika kwenye kadi za benki.

Ili kufika kwenye tovuti, wahandisi wa Ledger walitumia mlango uliokuwa umefunguliwa kwa kazi nyingine. Kiwango cha U2F kilikuwa kimeviwezesha vivinjari kuzungumza na funguo za USB za kuingilia kwenye akaunti za mtandaoni. Ledger ilizifunga amri zake ndani ya ujumbe wa U2F: amri ilipita mahali pa kitambulisho cha ufunguo, na jibu likarudi mahali pa saini. Kivinjari kiliamini kwamba kinashughulikia kuingia kwenye akaunti, kumbe kinabeba muamala. Faida yake ilikuwa kwamba mtumiaji hakuhitaji kusakinisha chochote. Hasara yake ilikuwa udhaifu wa mawasiliano, kwa sababu U2F haikukusudiwa kubeba mazungumzo marefu; mara nyingi kivinjari kilikata tamaa wakati mtu bado anasoma skrini ya kifaa chake.

Njia rasmi zilikuja polepole. Chrome 61 ya Septemba 2017 ilileta WebUSB, kiwango kinachoruhusu tovuti kuzungumza moja kwa moja na kifaa cha USB. Masharti yake ni mawili: ukurasa uwe umefika kwa njia iliyosimbwa, na mtumiaji akichague kifaa mwenyewe katika kisanduku cha kivinjari. Miezi michache baadaye watafiti walionyesha kwamba WebUSB iliweza kutumiwa kuzunguka ulinzi wa baadhi ya funguo za U2F, na Google ikaziba njia hiyo. WebHID, kiwango kingine cha namna hiyo, ilifuata katika Chrome 89 mwaka 2021. Firefox na Safari hazikuipokea WebUSB, zikiona kwamba ruhusa moja ya haraka ni kinga ndogo kwa hatari kubwa. Chrome ilipoondoa njia ya zamani ya U2F mwanzoni mwa mwaka 2022, tovuti zilizokuwa zimeitegemea zililazimika kuhama.

Kurudi kwenye programu za kompyuta

Kuhamahama huko kulidhihirisha kwamba anayejenga juu ya kivinjari hujenga juu ya uamuzi wa mwingine. Ledger ilitoa programu ya kompyuta, Ledger Live, Julai 2018. Trezor Suite, programu ya kompyuta ya Trezor, ilikamilika mwaka 2021. Programu ya namna hii huzungumza na USB bila kuomba idhini ya kivinjari, na mwenye kompyuta anaweza kuhakiki saini ya kidijitali ya mtengenezaji kabla ya kuisakinisha. Kwenye Linux huhitajika pia faili dogo la kanuni linalompa mtumiaji wa kawaida haki ya kugusa kifaa. Bila hilo kifaa huonekana kana kwamba kimekufa.

Programu huru nazo zilitaka kuzungumza na vifaa vyote. Electrum, iliyoanzishwa na Thomas Voegtlin mwaka 2011, iliandika daraja kwa kila kifaa kivyake. Suluhisho pana zaidi lilitoka kwa Andrew Chow, ambaye mwaka 2017 alipendekeza BIP174, muundo wa pamoja wa muamala ambao haujakamilika saini. Ndani yake programu huweka kila kitu ambacho kifaa kinahitaji ili kuhakiki: sarafu zinazotumika, kiasi chake na njia ya ufunguo. Bitcoin Core iliukubali muundo huo katika toleo la 0.17 la mwaka 2018. Chow aliandika pia HWI, programu inayofasiri kati ya Bitcoin Core na vifaa vya watengenezaji mbalimbali, na toleo la 22.0 la Septemba 2021 likaleta uwezo wa kutumia vifaa hivyo kupitia dirisha la programu.

Muundo wa pamoja ulifungua mlango wa kuacha waya kabisa. Coldcard ya kampuni ya Coinkite ya Toronto hupokea muamala kwa kadi ndogo ya kumbukumbu na kuurudisha kwa kadi hiyohiyo. Vifaa vingine husoma misimbo ya QR kwa kamera. Njia hizi hupunguza idadi ya ujumbe unaoweza kufika kwenye kifaa, lakini hazibadilishi yaliyomo: muamala wa hila hupita kwenye kadi ya kumbukumbu sawasawa na unavyopita kwenye waya. BitBox02 ya Uswisi, ya mwaka 2019, ilibaki na USB na kuyasimba mawasiliano yake. Mara ya kwanza ya kuunganisha, programu na kifaa kila kimoja huonyesha msimbo, na mtumiaji huthibitisha kwamba misimbo hiyo inafanana. Programu nyingine iliyojificha kwenye kompyuta haiwezi tena kusikiliza au kuchomeka maneno yake katikati.

Udanganyifu unaopita juu ya waya

Kadiri njia ilivyoimarishwa, wezi waliiacha na kumwelekea mtu. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 2018 baadhi ya watu waliofungua tovuti ya pochi ya Trezor walielekezwa kwenye nakala ya uongo iliyodai kuwa kifaa kimepata hitilafu na kuomba maneno ya kurejesha pochi. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger ziliibwa, na Desemba zikamwagwa mtandaoni: anwani za barua pepe takriban milioni moja, na majina na anwani za nyumbani za watu wapatao 272,000. Barua za ulaghai zilifuata kwa miaka, na baadhi ya watu walipelekewa vifaa bandia kwa posta. Aprili 2022 wateja wa Trezor walipokea barua pepe zilizowaelekeza kupakua Trezor Suite ya uongo, iliyofanana na ya kweli na kuomba maneno yaleyale. Kuhamia kwenye programu ya kompyuta hakukutosha. Ilibidi pia kujua programu imetoka wapi. Katika visa vyote hivi kinga ilikuwa moja: maneno ya kurejesha huandikwa kwenye karatasi au chuma na kuingizwa kwenye kifaa chenyewe tu, kwa vitufe vyake, isipokuwa pale ambapo kifaa chenyewe kimeagiza vinginevyo kupitia skrini yake.

Udanganyifu mwingine uliligusa lile lililoonyeshwa. Mwanzoni mwa 2018 watafiti walionyesha kwamba programu hasidi kwenye kompyuta inaweza kubadilisha anwani ya kupokelea inayoonyeshwa na programu ya Ledger, na malipo yakaenda kwa mwizi bila ufunguo kuguswa. Tiba ikawa kuionyesha anwani hiyo kwenye kifaa na kuilinganisha. Mwaka 2020 kasoro ya hila zaidi ilitangazwa: katika muundo wa miamala uliotumika, kifaa kiliweza kudanganywa kuhusu kiasi cha baadhi ya sarafu. Mtu aliyeombwa kusaini mara mbili malipo yaliyoonekana kuwa yaleyale angeweza kuidhinisha ada kubwa mno. Trezor ilianza kudai miamala ya awali ili kujihakikishia kiasi, na kwa muda baadhi ya programu za nje zikashindwa kufanya nayo kazi. Mabadiliko ya mtandao wa Bitcoin yaitwayo Taproot, ya Novemba 2021, yaliiondoa kasoro hiyo kwa miamala ya aina mpya.

Saini gizani

Tatizo kubwa zaidi lilitoka Ethereum. Muamala wa Bitcoin una mpokeaji na kiasi, mambo ambayo skrini ndogo huyabeba. Muamala wa Ethereum unaweza kuwa amri kwa mkataba mahiri, yaani programu inayoishi kwenye mtandao, na amri hiyo hufika kwenye kifaa kama mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi. Tangu MetaMask, pochi maarufu ya kivinjari, ianze kuunganishwa na Trezor na Ledger mwaka 2018, maelfu ya tovuti ziliweza kuomba saini za aina hiyo. Vifaa vingi vilionyesha alama fupi isiyosomeka, na watumiaji wakazoea kubonyeza kukubali. Kifaa kikawa kama mtunza muhuri asiyejua kusoma: muhuri hauibwi, lakini hugongwa kwenye kila karatasi iletwayo.

Desemba 14, 2023 mtu aliyekuwa mfanyakazi wa Ledger alilaghaiwa na kuporwa ufikivu wa akaunti ambayo bado iliweza kuchapisha Ledger Connect Kit, kipande cha programu kilichotumiwa na tovuti nyingi kuunganisha pochi. Matoleo matatu yenye hila yalichapishwa, na tovuti zilizochota toleo jipya moja kwa moja zikaanza kuwaombea wezi saini kutoka kwa wageni wao. Ilirekebishwa siku hiyohiyo, lakini takriban dola 600,000 zilikuwa zimekwisha kuondoka. Hakuna ufunguo ulioibwa. Tovuti zilizokuwa zimefungia toleo mahususi la kipande hicho zilibaki salama.

Februari 21, 2025 kasoro hiyohiyo ilionekana kwa ukubwa usio na mfano. Soko la sarafu la Bybit lilitunza hazina yake katika pochi inayodai saini za watu kadhaa, na watia saini walitumia vifaa vya Ledger. Wezi walikuwa wameingia kwenye kompyuta ya msanidi wa Safe, kampuni iliyotengeneza tovuti ya pochi hiyo, na kubadilisha programu ya ukurasa. Watia saini waliona uhamisho wa kawaida kwenye kivinjari, huku vifaa vyao vikipewa amri ya kukabidhi mamlaka ya pochi nzima. Walisaini. Zaidi ya ether 400,000, zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.5, ziliondoka, na FBI ikawataja wadukuzi wa Korea Kaskazini kuwa wahusika. Vifaa vilifanya kazi kama vilivyoundwa. Kilichokosekana ni uwezo wa kuyasoma yaliyosainiwa.

Kanuni zilizobaki

Kutokana na miaka hiyo watengenezaji wa programu wamerithi kanuni zinazokubalika kwa upana. Kompyuta ichukuliwe kuwa adui hata inapokuwa safi. Idhini itolewe kwa kitufe cha kifaa, na kila neno lenye uzito, kuanzia mpokeaji, kiasi na ada hadi mamlaka yanayotolewa, lionekane kwenye skrini ya kifaa. Njia ya mawasiliano isimbwe na ifungwe kwa programu iliyotambuliwa. Vipande vya programu vinavyochotwa mtandaoni vifungiwe toleo, na haki za waliokwisha kuondoka kazini zifutwe. Kwa upande wa Ethereum, kiwango cha EIP-712 kilileta ujumbe wenye muundo unaosomeka, na pendekezo la ERC-7730 la mwaka 2024, lililoanzishwa na Ledger, linalenga kuvipa vifaa maelezo ya lugha ya kawaida kwa kila amri ya mkataba. Kazi inayoendelea ni kuyafikisha maelezo hayo, yakiwa yamehakikiwa, kwenye skrini za vifaa vya watengenezaji wote, ili mwenye mali aisome amri yenyewe kabla ya kuitia saini.